Chombo na Jina katika Hadithi za Earthsea

Vitabu sita vya Earthsea, alivyoviandika Ursula K. Le Guin wa Marekani kuanzia mwaka 1968 hadi 2001, husifiwa mara nyingi kwa majoka yake. Sifa hiyo si ya uongo, lakini yapita kando ya jambo lenyewe. Majoka yamejaa katika vitabu vingi visivyosomwa mara ya pili. Kimvutacho msomaji hapa ni chombo, tanga, na kazi ya baharia.

Na atazamwe Ged katika kitabu cha kwanza. Chombo chake kimevunjika, naye huunganisha mabao mabovu kwa maneno ya uganga. Maneno yakilegea, mabao hutawanyika. Uganga huo haumwondolei baharia taabu, bali wamwongezea zamu ya usiku. Baadaye mvuvi mzee, aliyeponywa naye mtoto wa jicho, humpa mashua na kumwomba aichore macho kando ya omo. Msomaji wa pwani aliyesikia habari za mitepe, iliyochorwa macho vivyo hivyo, hahitaji kufasiriwa.

Hata neno “mchawi” halimfai Ged. Nguvu yake ni kuyajua majina ya kweli ya vitu, na kila jina lina gharama: upepo ukiitwa huku, hali ya hewa huharibika kwingine. Mwandishi dhaifu angaliutumia upepo wa uganga kufupisha safari. Le Guin huiacha iwe ndefu. Ged na rafiki yake Vetch wanapokipita kisiwa cha mwisho cha mashariki, hakuna vita wala kelele. Kuna ukimya, baridi, na maji yageukayo mchanga chini ya mashua. Kurasa hizo hazina mfano katika vitabu vyote sita.

Dosari ipo. Katika kitabu cha kwanza wanawake wameachwa pwani, na uganga wao hudharauliwa hata kwa methali za visiwani. Mwandishi alilirudia jambo hilo katika Tehanu, mwaka 1990, akamweka Ged nchi kavu, nguvu zimemwishia, nyumbani kwa mjane wa mkulima. Wako wasomaji waliochukizwa. Kitabu hicho kina bahari kidogo, na mwendo wake ni mzito. Lakini swali lake, yaani baharia ni nani akisha kushuka chomboni, lilikuwamo tangu yale mabao yaliyoshikwa kwa maneno.