"Mng'ao" na "Utofauti": Je, Istilahi Hizi Zatosheleza?

Mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili jinsi picha zilivyochapwa katika karne ya 19 hukabiliwa na dhana mbili zisizoepukika: zile sehemu nyeupe kuliko zote katika picha, na kadiri weupe huo unavyoachana na weusi wa vivuli. Wapo waandikao "mng'ao" kwa dhana ya kwanza na "utofauti" kwa ya pili. Sisi twaona kwamba maneno yote mawili yana kasoro.

Mng'ao ni wa kitu kinachometa. Karatasi ya chumvi, aliyoitangaza William Henry Fox Talbot mwaka 1839, haimeti, kwani picha imo ndani ya nyuzi zake. Karatasi ya ute wa yai, aliyoitangaza Louis-Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, humeta pote, hata penye vivuli. Basi mwanafunzi akiambiwa "punguza mng'ao" atatafuta namna ya kuifubaza karatasi, ilhali mwalimu alitaka weupe uingiwe na rangi kidogo.

"Utofauti" nao ni mpana mno. Karatasi ya chumvi ilianikwa juani chini ya negativu. Fedha iliyojitokeza kwenye vivuli ilizuia mwanga usizidi kupenya. Vivuli vikajikinga vyenyewe, huku weupe ukiendelea kuiva. Ndiyo sababu karatasi hiyo hudai negativu ambayo weupe na weusi wake umeachana sana. Katika uchapaji wa platini, ambao William Willis aliupatia hataza mwaka 1873, kloreti ya potasiamu ilitiwa katika dawa ili kuukuza mwachano huo. Mwandishi akisema tu "ongeza utofauti", msomaji ana haki ya kuuliza: wa nini na nini? "Ukinzani" hautufai, maana mafundi wa umeme wamekwisha kuuchukua. Na "ulinganuzi" umo mikononi mwa wanaisimu.

Jambo hili si la chumba cha giza pekee. Picha nyingi za Pwani yetu za mwishoni mwa karne ya 19 zilichapwa juu ya karatasi ya ute wa yai, ambayo weupe wake hugeuka manjano kadiri miaka ipitavyo. Mtunza nyaraka akiandika "mng'ao umepotea", atakayemfuata hatajua kama karatasi imefubaa au weupe umechakaa. Na tiba ya moja si tiba ya jingine.

Kwa hiyo twapendekeza "weupe wa picha" kwa dhana ya kwanza, na "mwachano" kwa ya pili: mwachano mkali, mwachano hafifu. Wapiga picha wetu walikwisha kutupatia "kusafisha" kwa tendo la kuitokeza picha kwa dawa, bila kungoja kamati yoyote. Ni vema nasi tuanze kwa kuwasikiliza wao, kisha ndipo tusanifu.