Koili Nne za Ford ya 1914

Ni Ford Model T ya watu wawili, paa lake turubai la kukunja. Rejeta ni ya shaba, taa za mbele ni za karabai, spoki za magurudumu ni za mbao. Mimi nilikuwa bado naishangaa ile shaba wakati mzee mwenye gari, katika gereji yake huko Michigan, alipoinama ndani, akafungua kisanduku cha mbao kilicho mbele ya miguu ya abiria na kuchomoa koili nne. Alizipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake.

Kila silinda ina koili yake. Umeme unatoka kwenye sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili, na koili huukuza mpaka uweze kuruka kwenye plagi. Juu ya koili kuna pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana upesi mno, zikivuma kama nyuki. Kazi yote ya asubuhi ile ilikuwa hapo.

Pointi za koili ya kwanza zilikuwa zimechimbika. Alipitisha tupa nyembamba mara tatu, akapuliza, akatazama kwa lenzi, akapitisha tena mara moja. Kisha akaifunga koili kwenye mashine ya kupimia na kuzungusha hendeli kwa mkono. Sindano ya ampia ilitulia kwenye 1.3, panapotakiwa, na cheche 16 zikaizunguka duara ya mashine. Kwangu zilikuwa sawa kabisa. Yeye aliona moja imetoka mara mbili. Akaigonga springi ya pointi kwa kinyundo, pigo ambalo lisingepasua hata yai, akazungusha tena.

Ya pili na ya tatu zilikwenda haraka. Ya nne aliifungua mara tano. Sikumsikia akiguna hata mara moja.

Alipozirudisha, alipima petroli kwa kijiti, maana tangi liko chini ya kiti. Akavuta breki ya mkono, akapandisha juu wenzo wa cheche, ulio kushoto mwa usukani, ili cheche ichelewe. Ikiwahi, hendeli ya kuwashia injini hurudi kinyume na kuvunja mkono. Mbele ya gari alivuta waya wa choki, akashika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, akaivuta juu robo mzunguko. Mara ya pili injini ikawaka. Alirudi kuushusha ule wenzo taratibu, na mtetemo ukalainika.

Mwaka lilipoundwa gari hili, kiwanda cha Ford cha Highland Park kilikuwa kimeshusha muda wa kuunganisha chasi moja kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Mzee alianza na koili ya kwanza saa mbili asubuhi. Injini ilipowaka, saa yangu ilisema saa tano na robo.