"Pua ya Mlevi": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Mfasiri wa maandishi ya tiba akifaulu, aghalabu hakuna anayemkumbuka. Akikosea, anayeumia ni mgonjwa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zilizomo katika karatasi moja ya maelekezo ya afya iliyotufikia mezani, iliyokusudiwa zahanati za upande wa Tabora. Iliyotushtua zaidi ni hii: pua ya mlevi.

Kwanza tuyaeleze maradhi yenyewe. Yapo maradhi ya ngozi ya uso yaitwayo rozasea. Huwapata zaidi watu wazima: uso hupata joto na kuchoma, vipele hutoka mashavuni na puani, na pengine macho huwasha. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaume waliopita makamo, ngozi ya pua hunenepa polepole kwa miaka mingi, tezi za mafuta zikatanuka, vinyweleo vikapanuka, na ncha ya pua ikawa kubwa yenye mabonde na vilima. Hali hiyo ndiyo rinofima, jina lililotungwa na daktari Ferdinand von Hebra mwaka 1845 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya pua na kiota mwilini.

Watu wa kawaida huko Ulaya waliizoea kuiita pua ya mlevi, na mfasiri wetu amelichukua jina hilo kama lilivyo. Hapo ametenda makosa mawili. La kwanza ni la elimu. Pombe huweza kuuwasha uso wa mwenye rozasea, kama vile jua kali, chai ya moto na pilipili ziwezavyo. Lakini si chanzo cha maradhi, na wengi wenye pua ya namna hiyo si walevi kamwe.

Kosa la pili ni la heshima. Tabora ni mji wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walifanya makao Unyanyembe, na pamoja nao ukaja Uislamu na Kiswahili. Wamo humo hata leo wazee ambao hawajapata kuonja pombe maishani. Mzee wa namna hiyo akipewa cheti kilichoandikwa "pua ya mlevi", kisha mjukuu akamsomea mbele ya watu wa nyumbani, je, atarudi zahanati? Hatarudi. Tumekwisha kuyaona hayo katika ukoma. Jina "mkoma" lilimmeza mtu mzima, asibaki baba wala jirani. Na hata baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mchanganyiko wa dawa mwaka 1981, jina hilo liliendelea kuwaficha watu majumbani ilhali dawa ya kuwaponya ipo.

Istilahi ya pili ni "wekundu wa uso", iliyotumiwa kwa rozasea yenyewe. Hatupingi kuyaita maradhi kwa rangi. Neno safura asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya umanjano. Limedumu kwa sababu weupe wa mgonjwa huonekana machoni na viganjani hata kwa mtu mweusi. Lakini wekundu wa rozasea hauonekani kwa urahisi katika ngozi nyeusi. Tabibu atakayeambiwa atafute wekundu, hatauona, naye atasema maradhi hayapo. Lililo la kweli mbele yake ni joto, mchomo, vipele na unene wa ngozi. Istilahi hii imetungwa kwa kutazama ngozi ya mtu mwingine.

Tatu, "chunusi nyekundu". Msomaji atadhani ni chunusi za ujana, akajinunulia krimu dukani. Nyingi za krimu hizo zina steroidi: hutuliza kwa siku chache, kisha huyazidisha maradhi. Nne, "uvimbe wa pua". Kwa kuwa tumezoea kutumia neno uvimbe tunapozungumzia saratani, mgonjwa atatishika pasipo sababu.

Tano ni maelezo ya tiba: "mgonjwa hukatwa pua". Hapa mfasiri amesahau kwamba Waswahili wana methali, kata pua uunge wajihi, wakimcheka anayejiharibu akidhani anajitengeneza. Ukweli ni mwingine kabisa. Maradhi yakiwa machanga hutumiwa dawa, kama metronidazoli ya kupaka au doksisiklini ya kumeza. Ngozi ikisha kunenepa, dawa peke yake haitoshi. Daktari huipunguza tabaka kwa tabaka kwa kisu, kwa kifaa cha umeme au kwa leza. Gegedu haliguswi, na ngozi huota tena kutokana na tezi zilizobaki chini. Pua haikatwi, bali hurudishiwa umbo lake.

Itasemwa kwamba Tabora ina maradhi makubwa zaidi ya kushughulikiwa. Ni kweli. Lakini unene wa uso ni dalili mojawapo ya ukoma pia, na tabibu hana budi kuyatenga haya mawili. Ukoma huua hisi za ngozi, na usipotibiwa huweza kubonyeza mgongo wa pua. Rinofima hunenepesha ncha, na hisi hubaki. Istilahi ovu huuficha mpaka huo. Tangu mwaka 1992 matabibu wa ngozi hufundishwa katika kituo kilichopo KCMC, Moshi. Inafaa maneno yao yafike zahanati yakiwa safi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Rozasea: jina la maradhi, libaki la mkopo.
Rinofima: kwa wataalamu, kwa mgonjwa iandikwe "unene wa ngozi ya pua".
Kupunguza ngozi ya pua: badala ya "kukata pua".

Na ziachwe kabisa "pua ya mlevi", "wekundu wa uso" na "chunusi nyekundu".

Kanuni yetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa ng'ambo. Msomaji wa Unyanyembe mwenye neno la Kinyamwezi kwa ngozi inayonenepa polepole bila kufa hisi, atuletee. Tutakuwa tayari kuliondoa la mkopo.