Kusoma Mabango ya Chekechea

Jioni moja ya Jumapili binti yangu alikuja nyumbani kwangu Mbagala na fomu tatu za shule, akaziweka mezani mbele yangu kama mtu aletaye shauri barazani. "Baba," akasema, "wewe ndiye mwalimu. Tuchagulie." Mjukuu wangu, ambaye shauri lilikuwa lake, alikuwa uani akimpikia mwanasesere wake ugali wa mchanga. Alikuwa bado miezi miwili atimize miaka minne.

Nilicheka moyoni. Nimefanya kazi ya ualimu miaka 38, na kati ya hiyo miaka 19 nilikuwa mwalimu mkuu. Pale Chuo cha Ualimu Mpwapwa tulifundishwa hatua za kukua kwa mtoto tukazikariri kama sala. Nikadhani kazi hii ni ya dakika kumi. Ndugu msomaji, ilinichukua karibu mwaka mzima, na kabla haijaisha nilikuwa nimekosea, tena kosa ambalo sikulilipa mimi, bali mtoto.

Wapo wanaohakiki riwaya na mashairi. Mimi naomba nihakiki mabango, kwa sababu hayo ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi na wazazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Ukifuata Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni, ukapita Rangi Tatu hadi Kongowe, kila kona ya njia ya vumbi ina bango la shule ya awali. Nimekwenda pia Tegeta na Bunju kumtembelea mdogo wangu, nikayakuta mabango yale yale, ni rangi tu zinazotofautiana. Majina ya shule hizo nusu yake ni ya malaika, nusu ni ya nyota. Picha ni ya mtoto aliyevaa joho na kofia bapa ya mahafali, kana kwamba amehitimu chuo kikuu kabla hajang'oa jino. Chini yake yameandikwa mambo matatu: Kiingereza, usafiri, kompyuta. Kisha namba za simu.

Maandishi yoyote husomwa kwa yale yanayosemwa na kwa yale yanayonyamaziwa. Katika mabango yote niliyosoma, sikuona hata moja lililotaja idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja. Hakuna lililosema mwalimu alisomea wapi kazi ya kulea watoto wadogo. Hakuna lililoonyesha mchanga, bembea, au mtoto aliyechafuka. Bango halizungumzi na mtoto, linazungumza na hofu ya mzazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mjini hata kizuri hakina budi kujitembeza, na hapo ndipo mzazi anapochanganyikiwa.

Sisi watu wa zamani tuliliita darasa hilo "vidudu". Mtu alisema, "Mwanangu yuko vidudu," na kila mtu akaelewa kwamba mtoto bado yuko kwenye kucheza. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, baadaye aliiita bustani ya watoto. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari, 1907, katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela ambako wazazi walishinda kazini na watoto wakibaki wanarandaranda ngazini. Leo jina la mama huyo hubandikwa kwenye mabango ya shule za ghali. Wengi hawajui kwamba alianzia kwa watu kama wa Mbagala.

Shule niliyoichagua sitaitaja. Nataka niseme tu kilichonishawishi, maana mkosoaji asiyejikosoa ni mpiga kelele. Kwanza tulifanyiwa usaili. Mtoto aliulizwa jina lake kwa Kiingereza, akanyamaza; akaulizwa rangi ya mpira kwa Kiingereza, akamtazama mama yake. Tukaambiwa ni mzito kidogo, ila atasaidiwa. Hapo nilipaswa kusimama na kuondoka. Lakini tulionyeshwa madaftari. Watoto wa miaka minne walikuwa wameandika herufi mstari hadi mstari, hakuna hata mkia mmoja uliotoka nje ya mstari. Mkaguzi aliyelala ndani yangu akaamka akafurahi. Ada ya mwaka ilizidi pensheni yangu ya miezi mitano. Nikasema, "Hapa ndipo."

Usaili ule ulinikumbusha wetu. Zamani mtoto alipoletwa kuanza darasa la kwanza naye hana cheti cha kuzaliwa, tulimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukifika anaandikishwa. Usipofika arudi mwakani. Nimewarudisha watoto wengi nyumbani kwa ajili ya sikio. Kilikuwa kipimo kibovu, kilipima mifupa badala ya akili. Hata hivyo hakikumfanya mtoto aione haya lugha ya mama yake.

Gari la shule lilimchukua mjukuu wangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, likazunguka naye Chamazi na Mbande kuwakusanya wengine, akafika darasani amelala. Jioni alirudi na kazi ya nyumbani kurasa mbili. Siku moja aliniletea karatasi ya kupaka rangi. Ilichorwa nyumba yenye dohani kwenye paa, na moshi unatoka. Akaitazama sana, kisha akaniuliza, "Babu, mbona nyumba inaungua na watu hawakimbii?" Nilimsifu kwa swali lile. Mwalimu wake hakumsifu, kwa sababu jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja la Kiingereza. Mwisho wa muhula tulipewa ripoti: amekuwa wa 27 kati ya 34. Mtoto wa miaka minne amepangiwa nafasi kama mkimbiaji.

Lakini halikuwa karatasi lile wala ripoti ile iliyonifungua macho. Lilikuwa jambo la uani. Mwanasesere aliyekuwa akipikiwa ugali sasa alikuwa ameketishwa ukutani, mbele yake kumepangwa mawe manane, na mjukuu wangu ameshika kijiti. "Keti! Nyamaza!" alisema, na kumchapa. Sijaona ripoti ya shule iliyoandikwa kwa ufasaha kuliko ile. Nikaingia ndani. Nilijua kijiti kile, nilikishika mwenyewe miaka mingi.

Nilimwita binti yangu nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba wazazi wa siku hizi wamelewa fahari ya Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Baba, mimi sikununua Kiingereza. Nilinunua saa."

Akanieleza hesabu yake. Anatoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala za Kariakoo, anafunga biashara saa kumi jioni. Mumewe yuko safarini nusu ya mwezi. Darasa la awali la serikali huchukua watoto wa miaka mitano, na huwatoa mapema. Mtoto wa miaka minne hana pa kwenda. Na hicho Kiingereza nacho, akasema, si fahari tupu. "Sekondari mtoto atafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ataufanya kwa Kiingereza. Wewe ndiye uliyenieleza, nilipokuwa kidato cha kwanza nalia usiku." Nilikosa jibu.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kwamba wakosoaji wa umri wangu tunawaonea wazazi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, kwa watoto wa miaka mitano na sita, ikaelekeza ifundishwe kwa Kiswahili. Sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na kuanzia Januari 2016 ada zikafutwa katika shule za umma. Yote ni mema, na mimi ni mmoja wa walioyashangilia. Ila kufuta ada ni kazi ya siku moja, kujenga darasa na kumwandaa mwalimu ni kazi ya miaka. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nimeingia darasa la awali la umma hapa Temeke nikahesabu watoto hadi 90, wengine wanazunguka nikaacha. Mwalimu alikuwa mwema, amepoteza sauti. Mzazi anayeona hivyo, akampeleka mwanawe kwenye bango la malaika, si mjinga. Amesoma hali jinsi ilivyo. Tatizo ni kwamba amekimbia wingi akaangukia haraka.

Haraka hiyo ndiyo ninayoikosoa. Mtoto wa miaka minne anayelazimishwa kalamu kabla vidole havijakomaa kwa udongo na shanga hatangulii, anachoka tu. Lugha ya kigeni hujengwa juu ya lugha aliyokuja nayo. Ukiibomoa ile ya chini hakuna pa kuweka ile ya juu. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na maana yake ni kwamba tulikuwa tumefika mahali pa kuwalaza vidudu bweni ili wafaulu. Nani aliwatuma? Tulijituma wenyewe, sisi tuliosifu madaftari.

Muhula wa pili ulipoanza tulimhamisha. Mtaa wa tatu kutoka kwangu kuna mama mmoja mwenye kituo cha kulelea watoto mchana, kilichosajiliwa na Ustawi wa Jamii. Hana bango la barabarani, ana kibao kidogo getini. Watoto ni 22, walezi wawili. Kuna mkorosho, lundo la mchanga, vifuniko vya chupa vya kuhesabia, na uji saa nne. Nilipofika mara ya kwanza mama huyo hakunionyesha daftari. Aliniuliza mtoto anapenda nini na anaogopa nini. Katika shule zote tatu za fomu zile, hakuna aliyeuliza.

Kasoro ya kituo hicho ni moja tu, kinafunga saa sita na nusu. Binti yangu akanitazama. Nikaelewa kwamba uhakiki wangu wote ungekuwa maneno ya barazani kama nisingetoa kitu, na kitu alichokihitaji ni saa zile zile. Basi kila siku saa sita nachukua mkongojo na kofia, nakwenda kumpokea. Majirani husema, "Shikamoo Mwalimu, umerudi kazini?" Naitikia, "Marahaba, nimerudi." Sikuwahi kumpokea mwanangu hata mmoja shuleni, nilikuwa nikiwapokea wa watu.

Kwa mzazi anayetafuta, ushauri wangu ni mfupi. Usiende siku ya wageni. Nenda saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Simama nje kwanza usikilize: ukisikia kimya kabisa, ogopa, ukisikia kelele za kucheza, ingia. Hesabu watoto, hesabu walimu. Tazama choo. Muulize mwalimu jina la mtoto yule mnyonge aliye pembeni. Kama halijui, mabango yote ya barabara hayatamsaidia. Na kabla ya yote ujue mwenyewe unanunua nini, Kiingereza au saa, maana ukijua hivyo huenda ukapata njia nyingine ya kukipata.

Mjukuu wangu karibu anatimiza miaka mitano, na fomu zitarudi mezani. Darasa la serikali lina watoto wengi, lile la binafsi lina haraka nyingi, na sijui bado tutaamuaje. Nimemwambia binti yangu kwamba safari hii tutakwenda wote watatu. Mwanasesere naye tutamchukua. Siku hizi anapikiwa tena.