Jike au Mwanamke? Kusoma Green Hills of Africa kwa Sikio la Kiswahili

Katika semina yetu ya muhula uliopita kitabu cha Ernest Hemingway, Green Hills of Africa, kilimalizwa kwa dakika kumi na tano. Msemaji wa kwanza alisema ni kitabu cha kikoloni. Wa pili alisema ni cha kikoloni, tena cha mtu mwenye pesa. Wa tatu akaunga mkono hoja. Mimi nilikuwa wa nne, nami nikaunga mkono, tena kwa sauti kubwa. Mwalimu wetu akauliza swali moja tu: ni nani kati yenu aliyefika ukurasa wa mwisho? Kimya, bwana. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na ninawaomba wenzangu wa semina ile wanisamehe nikianza kwa kujipinga mwenyewe.

Kwanza mambo yanayojulikana. Hemingway, mkewe Pauline na rafiki yao mmoja wa Key West waliwinda Tanganyika kuanzia Desemba 1933 hadi Februari 1934. Gharama zililipwa na Gus Pfeiffer, ami yake Pauline. Kiongozi wa msafara alikuwa Philip Percival, mzungu mwenye shamba Machakos, ambaye kitabuni anaitwa Pop. Pauline anaitwa P.O.M., na rafiki anaitwa Karl. Katikati ya safari mwandishi aliugua kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa, akarudi kuendelea kuwinda. Kitabu kilitoka mwaka 1935. Kina sehemu nne, na jina la kila sehemu linaanza na neno la Kiingereza lenye maana ya kusaka. Katika dibaji mwandishi anatoa ahadi: hakuna mhusika wa kubuni humu, kila kitu ni kweli tupu, na anataka kuona kama sura ya nchi na matendo ya mwezi mmoja vinaweza kushindana na kazi ya ubunifu.

Hapo ndipo ninapotaka kumkamata. Mtu akisema ameandika riwaya, tutamuuliza habari za fani na maudhui kama tulivyozoea. Akisema ameandika kweli tupu, tuna haki ya kumuuliza: kweli hiyo uliisikia kwa lugha gani?

Lakini kabla ya kufika huko lazima nikiri kwamba kuna jambo Hemingway amelifanya vizuri sana, nalo ni kijicho. Huu ni msimu wake wa kwanza katika nchi asiyoijua, na kila mnyama anaomtaka, Karl anampata mkubwa zaidi. Anampiga kifaru kwa shabaha ya mbali, anarudi kambini kifua mbele, na hapo anakuta pembe za kifaru wa Karl zinazoifanya ya kwake ionekane kama ya mtoto. Halafu anakuja tandala mkubwa, mnyama mwenye pembe za kujisokota anayemsumbua kwa siku nyingi huku masika yakikaribia na barabara ikiwa karibu kuwa matope. Mwishowe, jioni moja, anaangusha madume wawili. Furaha haina kifani! Anarudi, na Karl naye amepata tandala wake. Msomaji ameshajua kabla hajaambiwa. Pembe za Karl ni ndefu kupita zote mbili.

Mwandishi hajifichi. Anatuonyesha jinsi pongezi zinavyomkwama kooni, jinsi usiku ulivyo mrefu, na jinsi asubuhi anavyojaribu tena kuwa muungwana. Wangapi wameandika juu ya uwindaji wakakubali kuonekana wadogo namna hii? Mlinganisheni na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyetuachia maisha yake kwa Kiswahili. Yeye naye anaingia nchi mpya akifuata pembe, lakini pembe zake anazihesabu kwa frasila, na moyo wake hatufungulii hata kidogo. Hemingway anapima kwa inchi, na kila inchi inamuuma. Ndiyo maana nasema kitabu hiki hakistahili dakika kumi na tano. Mtu aliyekiita cha kikoloni akaondoka amesema kweli, ila hakukisoma.

Sasa turudi kwenye lugha. Kitabu kimejaa Kiswahili, au niseme mabaki ya Kiswahili. Kifaru ni faro. Tandala ni tendalla. Palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma, ni tarahalla. Mwanzoni nilicheka, kama tunavyocheka sote tukisikia mgeni anavyotamka. Baadaye nikafika kwenye maneno mawili ambayo yalinisimamisha. Mnyama dume anaitwa doumi, na hilo ni sawa, ni dume letu lile lile limechakaa kidogo. Lakini jike haitwi jike. Anaitwa manamouki.

Soma kwa sauti. Ni mwanamke!

Wakati wa likizo nilikipeleka kitabu nyumbani. Kwetu ni Handeni, na kurasa za tandala zinatokea upande wetu huo huo. Handeni yenyewe imetajwa kitabuni. Nilimsomea bibi yangu vipande, nikimtafsiria nikiwa njiani. Nilipofika kwenye manamouki akanikatiza: "Mjukuu wangu, mnyama ana jike. Mwanamke ni mimi." Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akauliza ni nani aliyemfundisha yule mzungu kusema hivyo.

Swali hilo ndilo kiini cha uhakiki wangu, nami sikulisoma katika kitabu chochote cha nadharia. Kuna majibu mawili. La kwanza, Hemingway alisikia vibaya. Siamini. Dume alilisikia vizuri, basi jike, neno fupi kama hilo, lingemshinda kwa nini? La pili, ambalo mimi ninalishika, ni kwamba alisikia sawasawa, na M'Cola, mbeba bunduki wake, ndivyo alivyosema. Alisema kwa Kisetla, kile Kiswahili cha mashamba ya wazungu wa Kenya, kisicho na ngeli wala adabu, ambacho kilitumika kuamrisha jikoni na shambani. Katika lugha hiyo ng'ombe jike ni mwanamke, kwa sababu bwana mkubwa neno analolijua ni hilo. Maana yake M'Cola alikuwa akijitafsiri. Kila alipofungua mdomo mbele ya mgeni alishusha lugha hadi kimo cha mgeni, kama mtu mzima anavyoinama kuongea na mtoto.

Mkiliona hilo, kitabu kizima kinageuka. Hemingway anamchora M'Cola kama mzee wa maneno machache, mwenye dharau za kimya, anayekataa kwa "hapana" na kucheka kwa sababu zisizoeleweka. Anampenda, hilo liko wazi, na kuna kurasa ambamo anatamani heshima ya mzee huyu kuliko ya mtu mwingine yeyote kambini. Lakini uchache wa maneno ya M'Cola si tabia ya M'Cola. Ni kipimo cha msamiati wa Hemingway! Toni Morrison, katika Playing in the Dark ya mwaka 1992, alionyesha jinsi sentensi za Hemingway katika riwaya nyingine zinavyojikunja ili mtu mweusi asiseme neno. Morrison alikuwa na Kiingereza peke yake cha kufanyia kazi. Sisi tuna bahati kwamba katika kitabu hiki ushahidi umeachwa katika lugha yetu.

Chukueni kicheko cha fisi. M'Cola anacheka kila fisi anapopigwa risasi, anacheka hadi anatikisa kichwa, na mwandishi anakifanya kicheko hicho kuwa fumbo, mzaha wa mtu wa porini. Jamani, fumbo liko wapi? Nani kati yetu alilelewa bila hadithi za fisi? Fisi ni mlafi, ni mjinga, ni yule aliyeshindwa na njia mbili. Anaingia hadithini ili tumcheke, na ananguka ili tucheke tena. Nathubutu kusema kwamba M'Cola alikuwa akicheka fasihi. Kando yake alikuwepo mtu ambaye kitabu chote anazungumza habari za fasihi, nani mkubwa, nani mdogo, Wamarekani waliharibikiwa wapi, wala hakujua kwamba mwenzake naye yumo ndani ya hadithi.

Majina je? Mmoja anaitwa Droopy kwa sababu ya kope zake. Mwingine ni Mrumi kwa jinsi anavyojitanda nguo. Wa tatu, mtu wa mbwembwe, anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa Uingereza wa karne ya 18. Wenzangu watasema huku ni kuwavua watu utu. Mimi nasema polepole: kupachikana majina ni utani wetu pia, na sidhani kwamba kambi ile ya wapagazi na wapishi ilikosa jina la yule mzungu. Tatizo ni kwamba la kwao hatulipati. Kitabu kimechapisha utani wa upande mmoja.

Na ile nchi mpya? Karibu na mwisho mwandishi anaongozwa hadi bonde ambalo anasema ni zuri kuliko yote aliyoyaona Afrika, nchi isiyoguswa. Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Nchi isiyoguswa ina nyumba na mashamba ya mahindi. Njiani kwenda huko amewapita watu waliobeba vitu vyao wanaihama nchi iliyokauka. Miaka ile ya mwanzo ya 1930 nzige na njaa vilikuwa vimeipiga sana Handeni. Amewaona, ameandika kwamba amewaona, na gari limepita. Hapa sina haja ya kumsaidia.

Lakini yupo mtu mwingine barabarani ambaye wengi wetu tumempita vile vile. Kitabu kinaanza na lori bovu. Hemingway amejificha kwenye kibanda cha kuvizia, anangoja tandala waje kulamba chumvi, na kelele za lori zinawafukuza. Mwenye lori ni mtu wa Austria, kitabuni anaitwa Kandisky. Anashangaa mtu kuvuka bahari ili aue tandala. Yeye, anasema, anavutiwa na maisha ya wenyeji na ngoma zao. Mwandishi anamfanya kuwa kichekesho kidogo, mtu wa maneno mengi na kofia ya Kitiroli.

Mtu huyo jina lake lilikuwa Hans Koritschoner. Baadaye alijiita Hans Cory, akawa mtafiti wa jamii wa serikali ya Tanganyika, akaandika juu ya sheria na mila za Wasukuma na Wahaya. Karatasi zake ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki, na kila mwanafunzi wa Mlimani amepita mlangoni pake akienda kutafuta kitu kingine. Simfanyi malaika, aliajiriwa na serikali ya kikoloni, na sheria za watu hazikukusanywa kwa mapenzi matupu. Hata hivyo linganisheni vilivyobaki. Mmoja alikwenda na pembe. Mwingine aliuliza watu wanaitaje vitu.

Hemingway mwenyewe alirudi Afrika mwaka 1953, akajaribu kujifunza zaidi lugha, na vitabu vilivyotokana na safari hiyo vilichapishwa baada ya kifo chake, True at First Light mwaka 1999 na Under Kilimanjaro mwaka 2005. Hiyo ni kazi ya makala nyingine, na simwandikii mtu aliyebadilika. Ninamhakiki yule wa msimu wa kwanza.

Kitabu kinamalizikia kando ya Ziwa la Galilaya. P.O.M. anasikitika kwamba ameanza kuusahau uso wa Pop. Mumewe anamwahidi kwamba ataandika kitu, na Pop atakuwemo. Tunaambiwa kwamba hicho ndicho kitabu tulichoshika. Uso wa M'Cola hakuna aliyeulizia, ingawa ndio uso tunaoukumbuka.

Nilipomaliza kumsomea bibi, alitaka kujua jambo moja, wala halikuwa la tandala. Siku ya mwisho ya kuwinda Hemingway alifyatulia kundi la palahala. Alimwangusha jike akidhani ni dume, na dume mwenyewe akamjeruhi tumboni. Walimfuata yule dume kwa damu katika jua kali mpaka damu ikapotea, na wakamwacha kwa fisi. Ni kurasa nzito, na mwandishi anajihukumu humo bila kujionea huruma. Bibi aliuliza walimfuata mpaka lini. Nikamweleza.

"Na yule mzee aliyekuwa akifuata nyayo," akasema, "alisema nini walipogeuka kurudi?"

Nilipekua kurasa zile pale pale, tena taratibu. Nilimkuta ameinama, anatafuta damu.