Kunyoosha Gurudumu

Wapenzi wa baiskeli niwajuao husifu miguu. Husifu mapafu ya watu waliozaliwa milimani, fremu ya kaboni iliyokuja kwa ndege, viatu vinavyonasa kwenye pedali. Mimi namsifu mtu ambaye Jumapili asubuhi hapandi mlima wowote: fundi wa baiskeli, yule wa kando ya barabara, mwenye kibanda cha mabati, beseni la maji na rimu kuukuu zimetundikwa kwenye misumari. Kazi zake ni nyingi, lakini ipo moja ninayoiona kuwa ndiyo ufundi wenyewe, nayo ni kunyoosha gurudumu lililopinda.

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya barabarani huwa aghalabu na spoki 32, yaani 16 kila upande wa habu. Spoki ni waya wa chuma wenye unene wa milimita 2, wala haina nguvu ya kusimama na kubeba mzigo. Mtoto anaweza kuipinda. Nguvu inatokana na kuvutana. Za kulia zinaivuta rimu kulia, za kushoto zinaivuta kushoto, nayo rimu inakaa katikati kwa sababu hakuna upande ulioushinda mwingine. Moja ikilegea, rimu inakimbilia upande wa pili, na wewe uliye juu utaisikia raba ya breki ikigusa mara moja kila gurudumu linapozunguka. Mwanzoni ni sauti ndogo tu. Ukiipuuza, wiki ijayo utakuwa unatembea kwa miguu, baiskeli begani.

“Fundi, nyuma kuna kitu kinagusa.”

“Haya, wacha tuisikilize kwanza.”

Jibu hilo ndilo linalonifanya nimwamini fundi. Mzuri haanzi na spana. Anaipindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani, analizungusha gurudumu taratibu, kisha analisimamisha na kuanza kuzigonga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Iliyokazwa inatoa sauti nyembamba, iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa. Asiyejua atashangaa kuona upande wa gia unalia juu zaidi kuliko upande wa kushoto, na pengine atadhani kosa liko hapo. Si kosa. Gia zimechukua nafasi kwenye habu, kwa hiyo spoki za kulia zinasimama wima zaidi na hazina budi kuvutwa kwa nguvu zaidi ili rimu ibaki katikati. Fundi hailinganishi ya kulia na ya kushoto. Analinganisha ya kulia na wenzake wa kulia, na sikio lake linakumbuka.

Baada ya sikio ndipo huja kidole. Anaegemeza kiganja kwenye fremu na kuusogeza ukucha wa kidole gumba karibu na rimu hadi uguse mahali pamoja tu. Hapo ndipo pamevimba. Anatafuta spoki zilizo jirani na pale, anaishika ile nati ndogo inayoifunga spoki kwenye rimu, na kuizungusha robo. Robo, si zaidi. Rimu ikiwa imeelemea kulia, analegeza kidogo ya kulia na kukaza kidogo ya kushoto, ili asiivute rimu nzima ndani kwa sababu ya kasoro ya pembeni. Kisha anafanya kitu ambacho mara ya kwanza kukiona sikukielewa: akishakaza, anarudisha nati nyuma kiasi cha unywele. Waya mwembamba hujisokota pamoja na nati. Ukiuacha umejisokota, utajifungua wenyewe barabarani, utausikia ukilia ting, na kazi yote itakuwa imerudi ilipokuwa. Mwisho anazishika spoki mbili mbili zinazokwenda pamoja, anazibana kwa viganja vyote viwili kwa nguvu zake zote, akizunguka gurudumu lote, ili kila waya ukae sawasawa mahali pake. Halafu anazungusha tena na kusikiliza tena.

Kazi hii haraka huiumbua. Asiye fundi hukaza tu. Kila anapoona pamevimba anakaza upande wa pili, na baada ya dakika tano gurudumu limenyooka machoni, mteja amelipa, ameondoka. Lakini ndani ya unyoofu ule spoki moja inabeba kazi ya tatu, na jirani yake haibebi kitu. Wengi hudhani spoki hukatwa na shimo. Shimo huipinda rimu, lakini spoki mara nyingi hukatwa na uchovu. Inapopita chini hulegea kidogo, ikipanda hukaza tena. Tairi ya 700 kwa 28 ina mzingo wa takriban mita 2.1, kwa hiyo safari ya kilomita 100 ni takriban mizunguko 47,000. Ile iliyoachwa imelegea inakunjwa mara zote hizo palepale inapopinda kuingia kwenye habu, na hapo ndipo hukatikia. Ukiona spoki imekatikia kwenye kiwiko chake, usiilaumu barabara. Uliza nani aliikaza mara ya mwisho.

Nasema haya nikiifikiria barabara yenyewe. Sisi tunaoendesha kutoka Nairobi hupanda hadi Limuru, juu ya mita 2,000, tunapita mashamba ya chai ya Tigoni, na wenye moyo hushuka ile barabara ya zamani ya mteremko mpaka Mai Mahiu. Ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali pale chini. Malori yanapanda kwa kunguruma huku wewe unashuka, ukingo wa lami umemeguka, na pembeni ni bonde. Breki za kubana rimu huipasha moto, na rimu iliyopinda hushikwa kwa mapigo, si kwa ulaini. Katika mteremko kama huo miguu haina kazi. Unashuka juu ya mikono ya mtu aliyezikaza spoki zako siku tatu zilizopita, na amani ya moyo uliyo nayo ni yeye aliyekupa.

Ufundi wake wa pili ni pancha, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu watu huidharau kazi hii wakidhani ni gundi na kiraka tu. Tairi ya upepo ilianza kutumika kwenye baiskeli mwaka 1888, alipoisajili John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, na tangu hapo hakuna aliyepanda baiskeli asiyejua kuziba. Lakini kuziba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulisoma tundu. Fundi anapoizamisha tyubu kwenye beseni na mapovu yakatoka, hakimbilii solusheni. Anaangalia tundu liko upande gani. Likiwa nje, upande unaogusa tairi, kuna kitu kimeingia na pengine bado kimo. Likiwa ndani, upande wa rimu, utepe wa rimu umehama na tundu la spoki limekula mpira. Yakiwa mawili yaliyokaribiana ubavuni, upepo ulikuwa mdogo, gurudumu likaingia shimoni, rimu ikaubana mpira. Matundu ya aina tatu, na dawa tatu tofauti. Anayeweka kiraka bila kuuliza atakuona tena jioni ileile.

Kwenye barabara kuu zetu adui mkubwa si mwiba wa mgunga. Ni uzi wa chuma utokao kwenye tairi za malori zinazopasuka na kuachwa barabarani. Ni mwembamba mno, mfupi kuliko punje ya mchele, na ukishazama ndani ya tairi hakionekani kwa nje kitu chochote. Nimemwona fundi akiutafuta kwa kupitisha ncha za vidole ndani ya tairi polepole, macho yameangalia kwingine kabisa, kama mtu anayesikiliza habari redioni. Akaupata, akauvuta kwa koleo, akauweka kwenye kiganja changu. Nilihitaji kuugeuza kwenye mwanga ndipo niuone. Mwendeshaji akitaka kujifunza jambo moja tu kwa fundi, ajifunze hilo: aweke tyubu na tairi zikielekeana kama zilivyokuwa, apime tundu la tyubu liko wapi, atafute mahali palepale kwenye tairi. Na akipaka solusheni asubiri ikauke kabla ya kubandika. Dakika tano za kusubiri ndizo zinazofanya kiraka kiishi muda mrefu kama mpira wenyewe.

Kuna mambo ambayo fundi wa kando ya barabara hana njia ya kukusaidia usipojisaidia mwenyewe. Baiskeli anazozijua zaidi ni zile nyeusi nzito tuziitazo Black Mamba, na tairi lake la “28” si la baiskeli ya mashindano ingawa nalo huitwa “28”: moja hukaa kwenye rimu ya milimita 635, lingine kwenye 622, na halitaingia hata ukililazimisha. Pampu yake haitashika valvu nyembamba ndefu bila kile kiungio kidogo cha shaba, kwa hiyo kitembee nawe. Tembea na tyubu ya akiba, na spoki mbili za urefu wa gurudumu lako umezifunga kwa tepu kwenye fremu. Mkono anao, urefu ule dukani huenda usiupate. Upepo jaza nyumbani kabla hujatoka. Kwa mtu wa kilo 70 juu ya tairi ya milimita 28, karibu psi 70 zinatosha kwa lami yetu. Mengine utayajua kwa kuendesha: toka alfajiri kabla matatu hazijajaa, kunywa kabla ya kiu, kula ndizi kabla ya njaa.

Katika jambo moja tu huwa nabishana na mafundi, nalo ni cheni. Wengi huimiminia oili iliyotolewa kwenye injini ya gari. Inateleza vizuri kwa siku moja, kisha inakusanya vumbi letu jekundu na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Cheni ifutwe kwa kitambaa, itiwe tone moja jepesi kwa kila kiungo, ifutwe tena. Na ipimwe. Pini 24 kutoka ile unayoanzia ziwe inchi 12 kamili kwenye rula. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechakaa, ibadilishwe kabla haijaharibu gia ambazo bei yake ni mara kadhaa ya bei ya cheni.

Historia ya mchezo huu kwetu imejaa mikono ya namna hii. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alianzia utotoni kwa kocha David Kinjah pale Mai-a-Ihii, Kikuyu. Vijana wa Kinjah hawakufundishwa kukanyaga pedali peke yake. Walifundishwa pia kufungua, kusafisha na kufunga baiskeli zao. Naona hiyo ndiyo shule kamili. Mwendeshaji anayejua gurudumu linavyoshikana huendesha kwa namna nyingine. Huinuka kitini kabla ya tuta, hulichagulia gurudumu njia, husikia badiliko la sauti kabla halijawa hasara. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na macho yote yalikuwa kwa waliopanda vilima vile. Mimi niliyatafuta magari ya timu, yenye magurudumu ya akiba juu ya paa. Kila moja la magurudumu yale lilikuwa limepita mikononi mwa mtu aliyezungusha nati robo, akasikiliza, akazungusha tena.

Kwa hiyo, wewe uliyenunua baiskeli mwaka huu na sasa unatafuta wenzako wa kuendesha nao Jumamosi, mtafute fundi kwanza. Usimwachie baiskeli na kwenda zako. Omba kigoda, ukae naye saa moja, umwombe akuonyeshe kunyoosha gurudumu la zamani lisilo na hasara, ushike spana mwenyewe. Nusu ya kazi yake utaijua baada ya miezi michache, na hiyo nusu itakutosha kufika nyumbani. Nusu iliyobaki ni yake, ameilipia kwa miaka. Gurudumu aliloshika saa nzima lina bei ya saa nzima ya kazi ya ustadi. Akikutajia, usimshushe. Mlipe.