“Nishati” katika Mwili: Uhakiki wa Tafsiri ya Istilahi za Akupancha

George Soulié de Morant, mwanadiplomasia wa Ufaransa aliyeanza kuchapisha L'Acuponcture chinoise mwaka 1939, alilifasiri neno qi kuwa nishati, na njia zake mwilini akaziita meridiani. Uteuzi huo uliisaidia tiba ya sindano kuenea Ulaya, lakini uliitenga na mwili wenyewe. Huangdi Neijing, hususani sehemu ya Lingshu, huzungumzia damu na qi zikipita katika mai, yaani mishipa; kuna hata mahali ambapo mganga huelekezwa kutoboa ili damu itoke. Msomaji wa “nishati” hutafuta kitu mithili ya umeme. Asipokiona huikataa tiba nzima, au huiamini kwa sababu isiyomo katika matini. Kuhusu meridiani, mfasiri huyo ana mashiko kiasi: jing ni mtande wa kitambaa, na Wachina hulitumia pia kwa longitudo. Hata hivyo, Kiswahili kina “mshipa”, neno linalobeba mshipa wa damu na wa fahamu vilevile. Upana huo, ambao mwanaanatomia angeuona kuwa kasoro, ndio unaolikaribia mai. Qi ni gumu zaidi: “pumzi” hulifinya, “mvuke” huchekesha. Ni afadhali libaki lilivyo, na lifafanuliwe.